Plagi Sita

Injini ya gari si sufuria, lakini asubuhi ile hapakuwa na mtu wa kumwambia hivyo mke wa Dereva. Mumewe alikuwa bafuni anajimwagia maji huku akiimba, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu astaafu, na kabla ya kuingia huko alikuwa ameacha amri moja tu: gari liwe linang'aa kabla ya saa moja. "Watu wa ofisi wanaangalia usafi kwanza," alisema. "Wakiona tope, hata mlango hawafungui."

Basi mke akaosha. Alianza na magurudumu, akapanda kwenye bodi, akasugua vioo kwa gazeti mpaka vikalia. Ndipo akakumbuka kwamba wakaguzi hufungua boneti. Akaifungua, na alichokiona ndani kilimtia aibu kama mwenye nyumba aliyefumwa na wageni katika jiko chafu: mafuta meusi, vumbi la miaka na miaka, jani kavu lililoganda juu ya betri. Akachemsha maji, akamimina sabuni ya unga bila uchoyo, akachukua brashi ya kufulia na kuisugua injini yote toka juu hadi chini, pamoja na nyaya zake na vikombe vyake asivyovijua majina. Kisha akaisuuza kwa ndoo mbili. Alipomaliza, mgongo ulimuuma na alijiona amefanya kazi ya watu wawili.

Na haja ya kung'aa ilikuwepo. Gari lenyewe waliliita Mstaafu, kwa sababu lilistaafu siku moja na mwenyewe: idara iliyomwajiri Dereva kwa miaka ishirini na sita ilimpa cheti na saa ya ukutani, ikaliuza gari lake kwa mnada, naye akalinunua kwa karibu kiinua mgongo chote. Watu walimcheka hadi wakachoka. Sasa hospitali ilikuwa inatafuta gari la kupeleka chanjo kwenye zahanati tatu za milimani, kule ambako magari mapya yanagoma njiani, na Mstaafu, ambaye magurudumu yake yote manne yanasukuma, aliitwa aje ajaribiwe. Akifaulu, ni mkataba wa miaka miwili. Akishindwa, binti yao mkubwa ataendelea kukaa nyumbani akiwaangalia wenzake wakipita na sare, na mdogo wake atamfuata muhula ujao.

Jana yake tu Fundi alikuwa amemaliza kazi. Huyu Fundi alikuwa mdogo wake mke, kitinda mimba wa mama yao, aliyelelewa na dada yake huyu tangu hajui kufunga vifungo vya shati. Alikaa na Mstaafu siku tatu karakanani. Alibadilisha plagi zote sita zinazowasha petroli, akaweka nyaya mpya, akasafisha kabureta, akamwaga mafuta machafu ya difu na kutia mengine. Mstaafu, ambaye kwa miezi alikuwa akikohoa kila akiona mlima, alirudi nyumbani akinguruma bila kukatika. Fundi hakudai chochote zaidi ya sahani ya chakula.

"Shemeji, hii sasa inapanda mpaka mawinguni," alisema akifuta mikono.

"Isipopanda, nakupandisha wewe na masanduku kichwani," alijibu Dereva, na wote watatu wakacheka.

* * *

Asubuhi hiyo Mstaafu aliwaka baada ya kujaribiwa mara nne, na alipowaka alitetemeka mpaka vioo vikagongana. Dereva aliacha kuimba. Alikanyaga mafuta, akaachia, akakanyaga tena, kichwa amekiinamisha upande.

"Inamisi," alisema. "Silinda hazipigi zote."

"Itakuwa baridi," alisema mke, aliyeketi kando yake na faili la kadi ya gari, bima na leseni mapajani. Faili alilibeba yeye kwa sababu mumewe ana tabia ya kukalia karatasi. "Si huwa unasema ikipata moto inakaa sawa?"

Ilipata moto na haikukaa sawa. Waliingia uwanja wa hospitali gari likiruka ruka, na pale getini ekzosi ikapiga mlipuko mkubwa hata wagonjwa waliokuwa foleni wakainama wote kwa pamoja. Afisa Usafiri alikuwa akisubiri na ubao wake wa kuandikia. Pembeni yake alisimama Sista wa chanjo, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Alijaribu kutabasamu.

Jaribio lenyewe lilikuwa jepesi kwa maneno: pakia masanduku sita yaliyojaa maji, panda mwinuko wa nyuma ya ghala la dawa, simama katikati, ondoka tena. Mstaafu alifika katikati. Hakuondoka tena. Alikohoa mara mbili, akazimika, akaanza kurudi nyuma taratibu, na Dereva akakanyaga breki mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Kwenye foleni mtu akapiga kelele, "Mpeni yeye chanjo kwanza!" Wakacheka hata waliokuja na homa.

Dereva alishuka, akafungua boneti, akaingiza kichwa ndani. Alikaa hivyo kwa muda mrefu. Alipotoa kichwa, uso ulikuwa umembadilika rangi.

"Mpigie ndugu yako," alimwambia mkewe. "Mwambie aje sasa hivi na plagi zangu."

* * *

Fundi alikuja mbio, begi la spana likimpiga kiunoni, akiwa na tabasamu la mtu anayedhani ameitwa kupongezwa. Alipoona watu wamezunguka gari, tabasamu likaondoka. Hakuuliza maswali. Aliwasha injini, akaanza kuchomoa nyaya za plagi mmoja mmoja huku akisikiliza. Ukichomoa waya wa silinda nzima, injini inalegea. Ukichomoa wa silinda iliyokufa, hakuna kinachobadilika. Alichomoa zote sita kwa zamu. Silinda tatu zilikuwa zimekufa.

"Tatu kwa mpigo," alisema, kama anayejisemea. "Haiwezekani plagi tatu zife pamoja."

Dereva alimpokonya spana, akafungua plagi moja na kuiinua juu ili Afisa aione, Sista aione, na foleni nzima iione. Ilikuwa nyeusi tii na imelowa petroli.

"Hii ndiyo mpya? Jana umeniwekea mpya, leo iko hivi?"

"Shemeji, plagi isipopiga cheche inalowa petroli na kuwa nyeusi, hata kama umeiweka leo asubuhi. Shida si plagi. Ngoja nifungue distributa."

Alifyatua vibanio viwili vya kile kikombe kinachogawa umeme kwa plagi, akainua kifuniko. Ndani mlikuwa na matone ya maji, na kwenye kona moja povu dogo jeupe lililokuwa bado halijapasuka. Aliijua harufu yake kabla hajalijua jina. Ilikuwa sabuni ileile ambayo mashati yake ya shule yalifuliwa nayo miaka yote.

Akainua macho. Dada yake alikuwa amesimama kando ya gurudumu amelikumbatia lile faili, na chini ya kucha zake kumi mlikuwa na mafuta meusi. Alimwona mdogo wake akiziangalia kucha. Akaangalia kifuniko, akaangalia povu, na hapo ndipo naye alipoelewa amefanya nini. Kisha akatikisa kichwa, kidogo tu, kiasi cha kuonwa na mtu mmoja.

Sitamtetea. Nitasema tu alivyokuwa anawaza. Mumewe hakuwa mpigaji, alikuwa msimuliaji. Siku moja mke alizidisha chumvi, na habari ya chumvi ile ilisimuliwa kwa wageni mwaka mzima, kila mara chumvi ikiongezeka. Sasa hili halikuwa la chumvi. Lilikuwa la mkataba, la sare za watoto, la kiinua mgongo chote. Aliona maisha yake yaliyobaki yakisimuliwa sebuleni mbele yake huku yeye akipitisha chai, na akatikisa kichwa.

Fundi alifuta kifuniko kwa upindo wa shati lake, akafuta na rota inayozunguka ndani yake, akakirudisha.

"Nipe nusu saa tu, shemeji. Boneti iwe wazi, jua hili..."

"Usiguse tena!" Dereva alifoka. "Nusu saa ya nini? Plagi zangu sita umeziuza, umenirudishia makapi ya karakanani kwenu. Mimi! Mume wa dada yako!"

"Sijauza plagi ya mtu."

"Basi niambie gari ina nini. Haya, waambie wakubwa hawa. Ina nini?"

Fundi alifungua mdomo. Akaufunga.

"Saa tatu ndiyo iliyoandikwa hapa," alisema Afisa Usafiri akigonga ubao wake. "Hii ni saa nne na robo."

"Mkubwa, nakuomba saa moja tu," alisema Dereva, na sauti yake ikawa ya kuomba kweli, mikono ameiweka kifuani. "Mtu umeibiwa na fundi, na fundi mwenyewe ni shemeji yako. Ningefanyaje?"

Sista alivua miwani. Yeye naye aliwahi kupeleka gari kwa fundi likarudi bila betri. "Mpe saa moja huyu mzee," alisema. "Mafundi tunawajua."

Dereva alivuka barabara hadi duka la vipuri, akanunua plagi sita kwa pesa ya petroli ya wiki nzima. Alirudi, akakunja mikono ya shati jeupe alilopigiwa pasi kwa ajili ya siku hii, akazifunga moja moja bila haraka. Jua lilikuwa kali na boneti ilikuwa wazi muda wote huo. Maji yalikuwa yamekauka zamani. Hata kwa plagi za jana, ukizifuta tu, Mstaafu angepanda vilevile. Aliwasha, gari likanguruma sawasawa, likapanda mwinuko na masanduku yake sita, likasimama katikati, likaondoka tena hadi juu. Foleni ikapiga makofi.

Afisa aliandika kitu kwenye ubao, kisha akamgeukia Fundi. "Kijana, huoni haya? Plagi sita?"

Fundi alimtazama dada yake. Dada yake alikuwa anapanga karatasi ambazo tayari zilikuwa zimepangika.

"Nisamehe, shemeji," alisema Fundi. Hakusema asamehewe nini, na hakuna aliyemuuliza. Aliokota begi lake na kuondoka kwa miguu, akipita mbele ya foleni yote.

* * *

Wiki haikwisha kabla hajapewa jina. Karakana nzima ilimwita Plagi Sita. Mwanzoni walimtania, naye alijitahidi kucheka. Kisha wateja wakaanza kumsimamia kichwani akifanya kazi, hawaendi hata kunywa chai. Mwalimu mmoja mstaafu alileta rangi ya kucha ya mkewe, akazitia alama plagi zake zote kabla ya kukabidhi ufunguo, na jioni akazikagua moja moja mbele ya watu. Zilikuwa zake. Hakumwomba radhi, alisema tu, "Leo umenikuta mjanja."

Mwezi wa pili mwenye karakana alimwita kando. "Mimi sisemi wewe ni mwizi," alimwambia. "Ila siwezi kuwa na fundi ambaye kila mteja anataka kumchunga." Fundi alikusanya spana zake. Alijaribu karakana nyingine mbili. Jina lilikuwa limemtangulia kote.

Nyumbani kwa Dereva mambo yalikuwa yamenyooka. Binti mkubwa alirudi shule. Kulikuwa na mlango mpya wa mbele, na petroli ya wiki ililipwa na hospitali. Dereva aliamka mapema kila siku, akapima mafuta ya injini, akapima maji, akagusa kila mkanda, akajilaza chini na kukagua difu. Mstaafu hakupata kutunzwa hivyo hata alipokuwa mali ya idara. Na kila walipokuja wageni, Dereva aliwasimulia kisa cha plagi. Alikisimulia vizuri, lazima nikiri. Mlipuko wa getini ulikuwa unaongezeka ukubwa, kelele ya kwenye foleni ilipata majibu, na mwishoni aliigiza sauti ya shemeji yake: "Nisamehe, shemeji!" Wageni walishika mbavu. Mke alipitisha chai.

Alikuwa amekwepa kusimuliwa yeye, na badala yake anasimuliwa mdogo wake. Mara tatu alijaribu kusema. Mara ya kwanza mumewe alikuwa amechoka, mara ya pili alikuwa na furaha, na mara ya tatu hakukuwa na sababu yoyote ila woga.

* * *

Mke alimkuta Fundi kwenye machimbo ya kokoto, ameketi juu ya tairi bovu, nyundo mkononi, kitambaa kimefungwa puani. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vilikuwa vimevimba na kucha moja haikuwepo.

"Dada! Unajenga? Kokoto hizi nitakupunguzia bei."

"Usinitanie."

"Nisipokutania tutaongea nini?"

Akamsogezea tairi lingine aketi. Aliuliza habari za wapwa zake, mmoja mmoja. Aliuliza hata gari. "Distributa mwambie aipulize mara kwa mara, kifuniko kile kina ufa mwembamba. Mvua ikianza itamsumbua."

"Vidole vina nini?"

"Nyundo haijanizoea."

Mke alilia. Fundi alimwacha alie, akaendelea kuponda, maana wenye lori walikuwa wanakuja saa tisa na fungu lake halijatimia.

"Kwa nini hukusema?" aliuliza dada yake mwishowe. "Pale pale. Ungeonyesha povu tu."

"Wewe si ulinikataza."

"Nilitikisa kichwa tu, mdogo wangu."

"Ndiyo," alisema Fundi. "Na mimi tangu mdogo ukitikisa kichwa naacha." Alisema bila lawama, na hilo ndilo lililomkata maini dada yake. Alipoondoka aliapa, mbele yake na mbele ya wale waponda kokoto wote, kwamba kesho haitapita.

* * *

Haikupita. Asubuhi mumewe alikuwa ameinama juu ya injini, anafuta kijiti cha kupimia mafuta kwa kitambaa. Mke alisimama upande wa pili wa boneti na kusema yote kwa pumzi moja: ndoo, maji ya moto, sabuni, brashi. Alisema kwamba hapakuwa na plagi iliyouzwa. Kisha akashika ukingo wa bodi, akisubiri mbingu imwangukie.

Dereva alikitumbukiza kijiti, akakichomoa, akakisoma.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Nilijua siku ile ile, nilipofungua boneti pale kwenye mwinuko. Injini ya miaka thelathini inanukia kama shuka lililoanikwa. Nitaachaje kujua?"

"Ukamwita mwizi."

"Ulitaka niseme nini? Niwaambie mimi, dereva wa miaka ishirini na sita, kwangu injini inaoshwa kwa sabuni ya kufulia? Nani angenipa chanjo zake nibebe? Fundi mwizi kila mtu anamwelewa. Ulimwona Sista."

"Ni mdogo wangu yule. Anaponda mawe!"

"Ni mdogo wako," alikubali Dereva. Alikirudisha kijiti mahali pake na kwa mara ya kwanza akamtazama usoni. "Mimi ni shemeji tu. Wewe mbona ulinyamaza?"

Hakuuliza kwa hasira. Alisubiri kweli ajibiwe, kitambaa mkononi, na mkewe akauachia ukingo wa bodi.

"Leo nakwenda kuwaambia," alisema. "Sista na yule Afisa. Nakwenda kwa miguu yangu."

"Kwa miguu ya nini? Panda. Nakwenda huko huko."

Akapanda. Njia nzima Dereva hakumbembeleza wala kumtisha. Aliwapungia mkono waliompungia, akapunguza mwendo kwenye matuta. Injini ilikwenda bila kukosa hata mpigo mmoja. Mke aliyapanga maneno kichwani: mimi ndiye niliyeosha, mdogo wangu hakuiba. Yalikuwa machache na hayakuwa magumu. Mtoto angeweza kuyasema.

Sista alikuwa mlangoni mwa ghala, na Afisa Usafiri yuko nyuma yake na ubao. Sista alipomwona alifungua mikono yote miwili.

"Mama! Leo umetutembelea wewe mwenyewe! Njoo nikukumbatie. Unajua huyu mzee wako mwezi huu amefika zahanati ya juu mara nne? Mara nne! Watoto wa kule hawajawahi kuona chanjo ikifika bado ina barafu." Alimkumbatia kweli, kisha akamshika mabega na kumwangalia. "Mbona macho mekundu? Kuna shida?"

Dereva alikuwa ameshazunguka nyuma ya gari, anafungua mlango. Aliwapa mgongo na kuanza kupanga nafasi ya masanduku, bila haraka, na wala hakugeuka. Afisa alisimamisha kalamu. Wote wawili walimngoja aseme.

"Hakuna shida," alisema mke. "Nimekuja kuwasalimia tu."

"Basi umekuja wakati mzuri, wabebaji wangu wamechelewa," alisema Sista. Akamwonyesha sanduku lililokuwa karibu na mlango, yeye akashika upande mmoja, mke akashika mwingine, wakalibeba pamoja mpaka garini.